Kiapo changu cha River Road

Swali la wiki hii: ni neno gani la Kiingereza uliwahi kulitilia sahihi bila kulielewa? Langu ni "depone".

Nilikutana nalo River Road, Nairobi, ghorofa ya tatu. Kitambulisho changu kina majina matatu, cheti cha shule kina mawili, basi ikabidi nipate hati ya kiapo ya kusema watu hao wawili ni mimi. Karani akachapa ukurasa mmoja. Aya ya mwisho ilidai kwamba yote niliyo-"depone" humo ni kweli kwa kadiri nijuavyo, nilivyoarifiwa na niaminivyo. Nikamuuliza maana yake. "Hicho ni Kiingereza cha korti, mzee. Weka sahihi hapa."

Nikaweka. Baadaye ndipo nikalifuatilia. Asili yake ni Kilatini, deponere, yaani kuweka chini. Ni ndugu wa "deposit" tunayolipa mwenye nyumba. Anayeapa huyaweka maneno yake mbele ya mwenye mamlaka, yakae hapo, siku yoyote aulizwe. Ndugu yake mwingine, "depose", naye hutumika kwa kutoa ushahidi, ila huyo pia hung'oa wafalme vitini. Kamusi za Kiingereza hulihusisha "depone" hasa na sheria za Uskoti, lakini kwenye mafaili ya mahakama za Milimani wala si mgeni. Nje ya kiapo halina kazi. Ukimwandikia bosi kwamba una-"depone" kuwa uliugua, ni kama kuvaa joho kwenda soko la mitumba la Gikomba.

Sisi kiapo hatukiweki chini, tunakila. Kula kiapo, kula yamini. Na yamini kwa Kiarabu ni kiapo na pia ni mkono wa kulia. Mimi napenda hii yetu zaidi. Kilichowekwa chini unaweza kukiacha ukaenda zako, lakini kilicholiwa utatembea nacho. Kwa hivyo ningetafsiri ile aya "niliyoyasema kwa kiapo", basi, bila madoido.

Sasa kuna hili. Chini ya hati huandikwa kwamba umeapa mbele ya kamishna wa viapo, na sheria inataka iwe hivyo kweli. Yangu ilibebwa hadi chumba cha pili, nikasikia muhuri ukigonga, ikarudi ingali na joto la mashine. Kamishna sikumwona hata kisigino. Sikuweka chochote mbele ya mtu, wala sikula. Nililipa tu, nikapewa risiti.