Vigae vinavyolia vitupu

Swali: Wapendwa mafundi, nilijiwekea mwenyewe vigae vya posileni vya sentimita 60 kwa 60 sebuleni, kwa simenti na maji tu. Sasa nikivigonga vinalia vitupu, na viwili vimeinuka. Tatizo ni nini?
Msomaji, Jinja

Jibu: Ndugu msomaji, tatizo ni hiyo simenti. Posileni karibu hainyonyi maji, hivyo simenti tupu haina pa kushika. Bandua kimoja utazame mgongo wake: ukiwa safi, ndiyo hiyo.

Vyote vinavyolia vitoke. Kwangua simenti ya zamani, ondoa vumbi lote, kisha tumia gundi ya vigae ya mfuko. Itandaze kwa mwiko wa meno ya milimita 10, mistari ielekee upande mmoja, na upake tabaka jembamba mgongoni mwa kigae pia. Tafadhali usiweke madonge matano ya gundi chini ya kigae, mtindo ulioenea mno: katikati ya madonge hubaki hewa, na kitu kizito kikiangukia hapo kigae hupasuka. Gundi uliyotandaza ikiwa hainati tena kidoleni, ikwangue uitupe.

Vilivyoinuka pengine vilibanana. Acha milimita 3 kati ya vigae na 8 ukutani, skatingi (ukanda wa chini ya ukuta) itaficha. Grauti, ya kujazia mianya kati ya vigae, isubiri saa 24.