Gololi kwenye ubao ulioinama: kwa nini jibu ni 7 na si 9.8

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimeviringisha gololi ya kioo kwenye ubao wa mita 2 ulioinama nyuzi 10. Wastani wa muda ni sekunde 1.81. Nikikokotoa mchapuko wa mvutano wa dunia napata 7.0. Mwalimu wa tuisheni anasema msuguano umekula, niandike muda 1.53 ili jibu lije 9.8. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba. Usiiguse hiyo 1.81. Umepima vizuri, ila fomula uliyopewa haiihusu gololi yako. Kuzidisha 9.8 kwa sine ya pembe (sin 10°) ni hesabu ya kitu kinachoteleza tu, bila msuguano. Gololi inaviringika. Nishati inayopata kwa kushuka inagawanyika: mafungu 5 kati ya 7 yanaipeleka mbele, 2 yanaizungusha. Chukua 9.8, zidisha kwa 5, gawanya kwa 7. Ni 7.0 yako ileile.

Hili la "msuguano umekula" nalisikia kila muhula na linaniudhi sana. Msuguano ndio unaoizungusha gololi. Maadamu haiserereki, nishati inayopotea hapo ni kidogo mno. Halafu utawaona wanapaka ubao mafuta, au wanatafuta gololi nzito zaidi. Uzito haumo kabisa kwenye hesabu hii! Iwe ya chuma au ya kioo, kubwa au ndogo, mradi haina uwazi ndani, jibu ni lilelile. Umbo ndilo linalobadilisha mambo. Kata pete ya bomba lenye ukuta mwembamba, iachie kwenye ubao huohuo: itatumia kama sekunde 2.17, na hesabu yako itatoa 4.9, nusu kamili. Andika makadirio kwanza, ndipo upime.

Ukitaka kuukagua ubao wenyewe, weka alama kwenye sentimita 50. Robo ya umbali huchukua nusu ya muda, kwako kama sekunde 0.9. Mwanasayansi wa Italia, Galileo, aliueleza uhusiano huo mwaka 1638, kwa tufe na ubao kama wako.

Wanaouza majibu ya praktiko wanawafundisha watoto kupika data, na mpishi hujulikana. Niliwahi kusahihisha kazi za darasa zima zenye 9.8 tupu, zote za gololi. Niliwarudisha maabara wapime mbele yangu. Wakapata 6.8, 7.1, 6.9.