Waya au Wi-Fi kwa kompyuta ya mezani?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Naishi Kyaliwajjala, nyumba ya kupanga. Kazi yangu ni kuchora mabango na kadi za harusi, halafu natuma mafaili kwa wachapaji wa Nasser Road. Ruta ya faiba iko sebuleni, kompyuta ya mezani iko chumba cha nyuma, katikati kuna kuta mbili za matofali. Mchana mambo ni mazuri, ila ikifika saa mbili usiku faili linakwama njiani na mkutano wa video unakatikakatika. Nalipia Mbps 20. Rafiki mmoja anasema ninunue antena ya USB yenye nguvu, mwingine anasema nivute waya. Mwenye nyumba hataki kusikia habari za kutoboa ukuta. Nifanyeje?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Kompyuta isiyohama mezani ivutie waya. Ila usinunue hata mita moja kabla hujajua kama tatizo liko ndani ya nyumba au nje, kwa sababu saa mbili usiku majirani wote wamerudi: Wi-Fi zao zinabanana na yako, na wakati huohuo njia za kampuni ya intaneti nazo zinaelemewa. Dalili ni zilezile, dawa ni tofauti kabisa.

Usiku huohuo wa matatizo, fungua dirisha la amri kwenye Windows (tafuta cmd) uandike ping 192.168.1.1 -t, amri inayopima muda wa kwenda na kurudi kati ya kompyuta na ruta. Kama ruta yako inatumia namba nyingine, utaikuta kwenye kibandiko chake. Fungua dirisha la pili uandike ping 8.8.8.8 -t, hiyo ni seva ya Google, nje ya nyumba yako. Ziache zitembee dakika kadhaa bila kutuma faili, maana kupakia faili kubwa peke yake kunajaza njia na kukuharibia kipimo. La kwanza likiruka kutoka milisekunde 3 hadi 300, au likiandika “Request timed out”, ugonjwa uko kati yako na ruta, na waya itautibu. La kwanza likitulia na la pili likayumba, hata ukivuta waya ya dhahabu hutapata nafuu. Piga picha ya dirisha hilo uipeleke kwa wanaokuuzia intaneti.

Kwa ulivyoeleza, mimi nashuku Wi-Fi. Ruta nyingi hutumia masafa ya GHz 2.4, ambayo yana chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Mtaa ukiwa na nyumba zilizobanana, ruta zote zinagombania hizo tatu, na kila kifaa kinalazimika kungoja mwenzake amalize ndipo kiseme. Antena kubwa haitakuondoa kwenye foleni hiyo. Itakusaidia tu kuwasikia majirani vizuri zaidi. Kama ruta yako ina GHz 5, ijaribu kwanza, ni bure. Huko chaneli ni nyingi, ingawa kuta za matofali huyameza masafa hayo haraka.

Kuhusu waya yenyewe, daraja la Cat5e linakutosha. Hubeba Gbps 1, yaani Mbps 1000, hadi mita 100, na wewe una Mbps 20. Cat6, daraja la juu yake, ichukue tu kama bei inakaribiana. Kitu cha kukagua dukani ni shaba. Nyaya nyingi za bei rahisi ni alumini iliyopakwa shaba juu juu, na alumini hukatika kwenye kona. Mwombe muuzaji kipande, ukwangue uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe ndani, mrudishie.

Ukuta usitoboe. Pitisha waya chini kabisa ya ukuta, ndani ya mfereji wa plastiki wenye gundi nyuma, kisha chini ya mlango pale penye nafasi, mlango usije ukaibana. Usiilaze sambamba na waya ya umeme kwa urefu mrefu. Zikikutana, zipishane kwa msalaba. Fundi akimaliza, fungua mipangilio ya mtandao kwenye Windows uangalie kasi ya kiungo. Kama kompyuta na ruta zote zina tundu la gigabiti, inatakiwa isome 1000. Ikisoma 100, huenda kati ya nyuzi nane kuna ambao haukushikwa vizuri kwenye plagi. Kwa kifurushi chako hutaona tofauti leo, lakini plagi iliyobanwa hovyo huja kulegea, kwa hiyo airudie kabla hujamlipa.

Ikishindikana kabisa ukanunua ile antena ya USB, iweke juu ya meza kwa waya ya kurefushia, mbali na tundu la USB 3 lenye diski ya nje. USB 3 hupiga kelele kwenye masafa ya GHz 2.4, na watu wanailaumu ruta bure.

Siku ukihamishia ofisi kwenye chumba cha uani, usivute waya ya shaba kukatiza kiwanja. Kwa radi za Kampala, hiyo ni kuialika mpaka kwenye kompyuta. Hapo tumia faiba, au jozi ya antena za nje zinazotazamana.

Na kwa kuwa umeme hukatika, tafuta UPS ndogo (betri ya akiba) ya ruta na kile kisanduku cha faiba kama vimetengana. Soma volti kwenye vibandiko kabla ya kununua: nyingi ni 12, lakini ziko za 9 na za 5, na ukikosea unaweza kuvichoma.