Wani ya pointi 3 na SAT 1480: nafasi yako vyuo vikubwa vya Marekani ni kiasi gani? Jibu la mtu aliyeomba mara mbili

Mdogo wangu, nimeusoma uzi wako hadi mwisho. Umemaliza kidato cha sita, PCM (Fizikia, Kemia na Hesabu), wani ya pointi 3, yaani A zote tatu. SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani wenye alama 1600, umepata 1480, Hesabu ikiwa 780 kati ya 800. Baba ni fundi cherehani, mama ana genge la mboga, na unaomba tukupe asilimia zako za kuingia Harvard, MIT na Stanford. Mdau mmoja kakuambia 60, mwingine kakuambia usipoteze hela. Swali hilo niliwahi kuliuliza mimi mwenyewe, nikajibiwa kwa kufurahishwa, na jibu lile likanila mwaka mzima. Ndiyo maana naandika kirefu.

Hiyo asilimia unayoitafuta hakuna anayeweza kukupa. Mwaka 2024 Harvard walipokea maombi 54,008 wakakubali watu 1,937, yaani hawafiki 4 katika kila 100. Lakini huo ni wastani wa watu wasiofanana hata kidogo. Kuna kesi ilifunguliwa dhidi ya Harvard mwaka 2014, ikaja kuamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani tarehe 29 Juni 2023. Katikati ya kesi hiyo takwimu za ndani za udahili zilitolewa mahakamani. Wachumi waliozichambua walikuta wanamichezo wanaotakiwa na makocha walikuwa wakikubaliwa kwa asilimia 86 hivi. Walikuta pia kwamba zaidi ya asilimia 43 ya Wazungu waliokubaliwa walikuwa ama wanamichezo hao, ama watoto wa waliosoma hapo, ama watoto wa wafanyakazi wa chuo, ama waliokuwa kwenye orodha maalumu ya mkuu wa udahili. Sasa watoe hao wote, halafu uone waliobaki wanagombea nini. Na wewe hata kwa hao waliobaki haumo. Uko kwenye foleni ya wanaotoka nje ya Marekani. MIT kwa mfano wana kikomo cha wageni, takriban sehemu moja ya kumi ya darasa, na sehemu hiyo inagombewa na dunia nzima, wakiwemo watoto wenye medali za olimpiadi za Hisabati.

Pointi 3 zako ni jasho lako, hakuna wa kukunyang'anya, na hapa nyumbani zinakufungulia karibu kila mlango. Ila msomaji wa maombi kule hana kichwani alama za NECTA, baraza letu la mitihani. Ukiomba ukiwa bado shuleni hata hayo matokeo hatayaona, kwa sababu yeye anaamua Machi na matokeo yanatoka Julai. Anachoshika mkononi ni matokeo ya kidato cha nne na ripoti zako za mihula, na hapo ndipo wengi wetu tunaumia bila kujua. Shuleni kwetu, shule ya serikali ya bweni, kijana aliyeongoza Fizikia kidato cha tano aliongoza kwa 64. Walimu walikuwa wanasahihisha kwa ukali makusudi ili mtihani wa taifa usitushtue. Msomaji aliyeko Boston akiona 64 anaona mtu anayeyumba. Dawa yake ni karatasi moja tu ya shule inayoeleza darasa lina wanafunzi wangapi, alama ya juu kwenye kila somo ilikuwa ngapi, na kwamba A ya kidato cha sita inaanzia 80. Mkuu wa shule anaweza kuiandika kwa nusu saa. Usipomwomba hataiandika, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia inahitajika.

Kuhusu SAT sitakaa sana. MIT wenyewe wanaonyesha kwamba nusu ya katikati ya waliokubaliwa wana Hesabu kati ya 780 na 800. Kwa hiyo 780 yako imekufikisha mlangoni, sawa na maelfu ya wenzako waliofika hapo hapo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo natamani mtu angeniambia mapema. Kwa mtoto wa fundi cherehani, swali la kwanza ni kama chuo kina hela ya mtu kama wewe. Mambo ya akili na alama yanafuata baadaye. Gharama ya mwaka mmoja kwenye vyuo hivi, ada, chakula na malazi, imepita dola 80,000. Huwezi kulipa, mimi nisingeweza, na chuo kinalijua hilo tangu ulipoweka alama ya ndiyo kwenye swali la kuomba msaada wa fedha. Hapo vyuo vinagawanyika. Viko vichache sana ambavyo havitazami mfuko wako wakati wa kuamua, hata kama wewe ni mgeni, na wakikukubali wanaziba pengo lote. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst wako hivyo kwa miaka mingi, Dartmouth na Bowdoin wakajiunga mwaka 2022. Vingi kati ya vilivyobaki, Stanford ikiwemo, vinautazama mfuko wa mwombaji wa kigeni. Maana yake wewe na mtoto wa tajiri wa Nairobi mwenye alama sawa na zako hamko sawa mbele yao, hasa bajeti ya wageni inapokaribia kuisha. Hawakuonei, na wala hawafichi. Wameandika wazi kwenye tovuti zao, ila sisi tunasoma jina la chuo tunaishia hapo.

Mimi mara ya kwanza niliishia hapo. Kuna wakala mmoja wa masomo ya nje, ofisi yake ghorofani mjini Dar, alitazama matokeo yangu dakika tatu akaniambia nina asilimia 70. Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Baba aliuza magunia ya alizeti yaliyokuwa yanasubiri bei ipande, nikalipia mtihani na ada za maombi, dola 75 hapa, dola 90 kule. Niliomba vyuo tisa, vyote vile vinavyotajwa na kila mtu. Saba vilinikataa, kimoja kikaniweka kwenye orodha ya kusubiri hadi leo, na kimoja kilinikubali kikanipa nusu ya gharama. Nusu iliyobaki ilikuwa zaidi ya mapato ya kijiji chetu kizima. Nilimsomea baba ile barua ya kukubaliwa kwa Kiswahili, akafurahi, halafu nikamsomea ukurasa wa pili. Hakusema kitu. Alikwenda kufunga ng'ombe.

Mara ya pili nilianza na hela. Vyuo vingi vya Marekani hutoa kila mwaka waraka unaoitwa Common Data Set. Andika jina la chuo na maneno hayo kwenye mtandao utaupata, ni bure. Nenda sehemu ya H, kipengele cha 6. Pale wameandika ni wanafunzi wangapi wa kigeni wa shahada ya kwanza wamepewa fedha na chuo, na kwa wastani kila mmoja kapata dola ngapi. Tuseme chuo fulani kimeandika watu 200, wastani dola 65,000. Gawa 200 kwa miaka minne, unapata wageni kama 50 wanaoingia kwa msaada kila mwaka, na msaada wenyewe ni wa kuishi, siyo wa kupunguza makali. Kingine kinaweza kuwa na watu 300 kwa wastani wa dola 15,000. Hicho kina majengo mazuri na jina, lakini ni vigumu sana kikuchukue wewe, hata ungekuwa na SAT 1600. Kifute. Halafu rudi sehemu ya C, kipengele cha 7, uone wanachokipa uzito mkubwa, kama ni alama za darasani, insha, barua za walimu au mtihani.

Kazi hiyo niliifanya kwa wiki tatu kwenye daftari la kaunta, nikapitia vyuo zaidi ya sitini. Nilishangaa kuona vyuo vidogo ambavyo sijawahi kuvisikia, vya wanafunzi elfu mbili hivi, vinatoa fedha kwa wageni wengi kuliko majina makubwa niliyokuwa nikiyaota. Niliomba kumi na mbili. Vitatu vilinikubali, viwili kwa msaada wa kutosha. Nilisoma kwenye kimojawapo, nikamaliza, na nawajua wenzangu wa hapo ambao leo wako shahada za uzamivu kwenye vile vyuo vilivyonikataa.

Lakini hela peke yake isingetosha, maana hata hao 50 wa mfano wangu wanachaguliwa kutoka kwenye maelfu. Kilichobadilika upande wangu ni barua ya mwalimu. Baada ya kukataliwa nilirudi shuleni, mkuu msaidizi akanionyesha nakala ya barua iliyotumwa mwaka wa kwanza. Ilikuwa na sentensi tatu. Mwanafunzi huyu ni mtiifu. Ni msafi na anajituma. Hajawahi kupatikana na kosa la kinidhamu. Mwalimu yule aliandika kwa nia njema kabisa, ndivyo vyeti vya tabia vinavyoandikwa kwetu. Ila fikiria msomaji ana mafaili mia mbili mezani, anafungua la kwangu anakuta kwamba mimi ni msafi.

Nikamwendea madamu wa Fizikia. Nilikaa naye saa mbili chini ya mwembe nyuma ya maabara, nikamweleza wale watu wanatafuta nini. Yeye ndiye aliyekumbuka, mimi nilikuwa nimesahau. Wiki moja kabla ya mtihani wa vitendo ammita nne kati ya sita zilikuwa zimekufa. Nilizifungua usiku nikakuta waya wa ndani umekatika, nikaunga kwa waya niliotoa kwenye redio mbovu ya mlinzi, kisha nikazilinganisha moja moja na mojawapo ya zile nzima, na kila moja nikaibandikia karatasi inayosema inazidisha au inapunguza kiasi gani. Darasa zima likafanya mtihani kwa ammita zile. Madamu aliandika hivyo hivyo, pamoja na zile karatasi. Afisa wa udahili wa chuo kilichonichukua, nilipomkuta muhula wa kwanza, aliniuliza habari za ammita kabla hajaniuliza jina la mkoa wangu.

Kwa hiyo mdogo wangu, 780 yako niliisoma haraka, ila kuna mahali kwenye uzi wako nilisimama. Umetaja kwa kupitia tu kwamba unamtunzia mama daftari la madeni ya genge na kwamba umegundua wateja wa kukopa wanaongezeka wiki ya tatu ya mwezi. Hilo umeliandika kama jambo dogo. Insha ya Common App, ile fomu moja ya kuombea vyuo vingi, mwisho wake ni maneno 650. Wengi wataandika kuhusu umaskini kwa jumla na ndoto ya kusaidia jamii. Wewe una daftari.

Usidhani pia kwamba ukiomba vyuo ishirini vya asilimia 3 unapata 60, kama wakala wangu alivyonipigia hesabu. Barua dhaifu ni dhaifu kwenye vyuo vyote ishirini. Ingekuwa bora uombe kumi, vitatu katika vile visivyotazama mfuko, na saba ambavyo H6 yake inakuonyesha watu kama wewe wanaingia.

Fomu ya kuombea msaada wa fedha, CSS Profile, itakuchosha. Imetengenezwa kwa watu wenye mishahara na nyumba za mkopo. Jaza mapato halisi ya baba na mama kwa shilingi na ueleze kwa maneno pale panaporuhusu. Mimi mtendaji wa kijiji aliniandikia barua yenye muhuri kuthibitisha ekari nne za alizeti na ng'ombe sita, nikaitafsiri, wakaipokea. Usizidishe wala usipunguze, watalinganisha kila karatasi. Ada ya maombi ukishindwa, omba msamaha wa ada, vyuo vingi vinatoa. Ushauri wa EducationUSA, huduma ya serikali ya Marekani kwa wanaotaka kusoma kule, pia hautozwi, kwa hiyo huna sababu ya kumlipa wakala.

Muda nao uutazame. Maombi ya mapema yanafungwa Novemba mosi kwa vyuo vingi, ya kawaida mwanzoni mwa Januari, na masomo yanaanza Agosti au Septemba. Usikatae nafasi ya chuo cha hapa nyumbani kwa ajili ya ndoto hii, lakini ujue kwamba ukishamaliza mwaka mzima chuo kikuu, vyuo vingi kule vinakuhesabu mwanafunzi wa kuhama, na huko fedha ni chache zaidi. Ongea na chuo chako kuhusu kuahirisha. Suala la visa nalo linabadilika mara kwa mara, soma tangazo la ubalozi lenyewe kabla hujalipa chochote.

Anza na H6 ya vyuo kumi wiki hii, uweke namba zake kwenye uzi huu huu, nitazipitia na wewe mstari kwa mstari. Na kabla hujaomba barua yoyote, nenda kakae na mwalimu wako wa Hesabu, umuulize ni siku gani alikukumbuka.