Gari la kufunguka juu au la paa gumu kwa mtu wa Mwanza? Jibu langu kwa mleta uzi

Mkuu mleta uzi, umegusa kitu ninachokipenda kwa dhati, kwa hiyo nivumilie nikijibu kwa kirefu. Kwa wanaoingia sasa: mwenzetu anakaa Buhongwa, kazi yake iko mjini, gari la familia analo tayari, na amejiwekea akiba ya gari la pili la kuendesha kwa raha. Ameshindwa kuchagua kati ya Mazda Roadster ya paa la turubai, ile ya kizazi cha pili, na Toyota Celica ya miaka hiyo hiyo. Wengi wenu mmemwambia achukue Celica kwa sababu ya jua na mvua za kwetu. Mimi nimezimiliki zote mbili hapa hapa Mwanza, na naona jua na mvua havitoshi kuamua. Kinachoamua ni mahali gari litakapolala.

Celica niliinunua nikiwa nimepanga Mabatini. Nyumba ile haikuwa na pa kuingiza gari, tulikuwa tunaegesha nje kando ya njia, mmoja nyuma ya mwingine. Roadster nilikuja kuichukua baada ya kuhamia kwangu Buswelu na kusimamisha banda la bati lenye mlango wa kufunga. Kabla ya banda lile sikuwahi kuagiza gari la turubai, ingawa roho ilikuwa inataka siku zote.

Sababu ni hizi. Turubai la gari linalolala nje hapa kwetu linapigwa na jua la karibu kabisa na ikweta mwaka mzima. Lile la vinaili linakauka na kuanza kupasuka kwenye mistari ya mikunjo, pale pale linapojikunja kila unapofungua. Ukiegesha chini ya mti ili kuliepusha na jua, unapata majani, utomvu na kinyesi cha ndege, na mtu wa Mwanza anajua wale makorongo wakubwa wanaolala kwenye miti ya mjini wanaacha nini chini yao. Kwenye bati la Celica unaosha, yanaisha. Kwenye turubai, ukichelewa, alama inabaki. Halafu kuna wembe. Mtu anayetaka begi lililoachwa kwenye kiti hahitaji kuvunja kioo, anakata paa kwa sekunde chache, na begi hata likiwa tupu wewe umeshapata hasara ya paa zima. Ndiyo maana mimi siachi kitu chochote ndani ya Roadster, hata koti. Vyote vinaingia buti.

Sasa hali ya hewa, maana hapa ndipo naona mnaionea Mwanza. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Joto letu halina ule unyevunyevu wa kunata wa Dar es Salaam, na jioni inapoa vizuri. Kweli, kuanzia saa tano asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri hakuna mwenye akili timamu anayefungua paa, jua linashuka moja kwa moja utosini. Lakini saa kumi na mbili alfajiri hadi saa mbili asubuhi, na tena kuanzia saa kumi na moja jioni, hiyo ni hewa ya kufungua karibu miezi yote. Juni, Julai na Agosti mvua ni adimu kabisa. Mvua zinaanza kuchanganya Oktoba, zinapumua kidogo Januari na Februari, zinarudi kwa nguvu Machi hadi Mei. Hata katika miezi hiyo kuna jioni nyingi kavu.

Na turubai zima halivujishi. Naomba hili lieleweke, kwa sababu limerudiwa mara nyingi kwenye uzi huu. Kwenye Roadster maji ya mvua yanayoteleza juu ya turubai yanashuka hadi kwenye mfereji ulioko nyuma ya viti, kisha yanatoka kupitia matundu mawili, moja kila upande, hadi chini ya gari. Matundu haya yakizibwa na majani na tope la vumbi letu, maji hayana pa kwenda, yanafurika ndani, yanalowesha zulia, na pole pole yanaanza kula bati la chini ya mlango kutoka ndani kwenda nje. Ukiona rangi inavimba chini kabla tu ya tairi la nyuma, kazi imeshafanyika siku nyingi. Mimi huchukua uzi wa plastiki, ule mnene wa mashine ya kukatia nyasi, naupitisha taratibu kwenye tundu hadi nisikie unateleza, halafu namimina kikombe cha maji na kuchungulia chini yanatokea wapi. Yakitoka kwa kasi na masafi, basi. Nafanya hivyo mvua zinapokaribia na zinapoisha. Raba za milango nazipaka silikoni. Na turubai likilowa sikunji mpaka likauke, la sivyo linaota ukungu.

Tuje kwenye ugumu wa bodi, maana kuna mchangiaji amesema gari la kufunguka daima ni zito na linayumba. Amesema kweli kwa baadhi ya magari. Paa la bati ni sehemu ya mifupa ya gari. Ukilikata, lazima uongeze vyuma chini na pembeni kufidia, gari linakuwa zito na bado halifikii ugumu wa mwanzo. BMW Z4 ya kizazi cha kwanza ni mfano mzuri: ilitoka kwanza ya kufunguka, kisha ikaja ya paa gumu, na ugumu wa bodi wa hii ya pili ulikuwa zaidi ya mara mbili. Nissan Fairlady Z ya 3.5 nayo ilizaliwa na paa, na ile ya wazi ni nzito kuliko nduguye. Lakini Mazda Roadster ilichorwa wazi tangu siku ya kwanza, mwaka 1989, haikukatwa paa. Ina kilo elfu moja na ushee tu, Celica ni nzito kuliko hiyo.

Hata hivyo utausikia utofauti, na hapa Mwanza utausikia mapema. Pita na Roadster kwenye rasta za barabara ya Kenyatta, au panda zile barabara za mawe za mlimani. Stelingi inatetemeka mkononi, kioo cha mbele unakiona kikicheza kidogo kwenye fremu yake, na dashibodi inaongea. Celica kwenye rasta hizo hizo inapita ikiwa kimya, imekaza. Mtu anayependa gari lililoshikamana, la kukata kona kama kitu kimoja, paa gumu linampa hilo bila mjadala. Kwa mwendo tunaoruhusiwa, hasa maeneo ya makazi yenye kibao cha 50 na trafiki mwenye tochi nyuma ya mti, mimi naona mtetemo huo ni bei ndogo ya kulipa. Ila ni bei, usije ukashangaa.

Usalama nauchukulia kwa uzito. Roadster ile haina nguzo ya kukulinda kichwa gari likipinduka. Nilifunga chuma cha nyuma ya viti, na bila hicho nisingetoka nayo nje ya mji usiku. Njia ya Musoma ina ng'ombe na mbuzi, na ukishapita Lamadi uko kando kabisa ya Serengeti, geti la Ndabaka liko pale pale barabarani, wanyama huvuka. Jioni zikiwa za wadudu wa ziwani, wale wanaonyanyuka juu ya maji kama moshi mweusi na kufuata taa, funga paa mapema, maana wakiingia ndani utawatoa wiki nzima.

Kuhusu vipuri sitasema mengi. Celica ya kawaida inatumia injini ya 1ZZ-FE ya 1.8, hiyo hiyo iliyomo kwenye Wish na Allion za 1.8 zilizojaa mjini, kwa hiyo fundi anaijua na spea za injini zipo. Zile za mwanzo, 1999 hadi 2001 hivi, zina tabia ya kula oili, kagua moshi wa bluu asubuhi inapowashwa. Roadster ina mkanda wa taimingi badala ya cheni, na vipuri vyake vingi utaagiza, lakini vipo duniani kwa wingi: mwezi Aprili 2016 Mazda walitengeneza Roadster ya milioni moja. Turubai jipya nililiagiza, na fundi wa viti vya magari mwenye mkono mzuri alilifunga pamoja nami siku nzima, tukipima kila ukingo kabla ya kukaza. Kodi haitakusaidia kuchagua, zote zina umri mkubwa na injini isiyozidi lita 2, weka namba zako kwenye kikokotoo cha TRA uone mwenyewe.

Kuna mtu amependekeza paa gumu linalojikunja kwa umeme, kama Mercedes SLK, Daihatsu Copen au Roadster ya kizazi cha tatu yenye paa hilo. Wazo ni zuri, unapata bati usiku na upepo jioni. Ila lile ni paa lenye mota, swichi na nyaya nyingi, na kwenye SLK kuna pia mabomba ya mafuta ya presha. Likigoma katikati, nusu juu nusu chini, na wingu limeshatanda upande wa ziwani, utatafuta fundi wa kulielewa Mwanza hii kwa tabu. Kwenye Copen ukifungua paa, buti inaisha. Roadster ya kizazi cha tatu ndiyo waliyoifikiria vizuri zaidi, paa linaingia nyuma ya viti na buti inabaki kama ilivyo. Ukipata iliyo safi na mfuko unaruhusu, hiyo nitakubaliana nawe.

Na kuna njia ya kati ambayo hakuna aliyeitaja: paa gumu la kuvalisha. Mazda walikuwa wanaliuza kama nyongeza, na la kizazi cha kwanza linaingia kwenye cha pili. Unalivalisha Machi, unalivua Juni, linahitaji watu wawili na mahali pa kulilaza. Tena tunarudi kwenye banda.

Ni nini hasa unachokipata kwa haya yote? Nitakuambia ninachokifanya. Jumamosi jioni natoka mjini kwa Kenyatta, Mkuyuni, Butimba, Nyegezi, nafika kwenu Buhongwa, mpaka Usagara. Pale nasimama pembeni. Klipu mbili juu ya kioo cha mbele, moja kila upande, nazibonyeza na kuzivuta, nasukuma paa nyuma kwa mkono mmoja, linajikunja na kulala nyuma ya viti. Halafu nakata kulia kuelekea Kigongo hadi Daraja la J.P. Magufuli, lililofunguliwa 2025, karibu kilomita 3 juu ya maji. Kwenye Celica daraja lile nililiona kama barabara nzuri. Kwenye Roadster harufu ya ziwa inakufikia, unasikia injini ya mtumbwi chini yako, upepo unabadilika ukifika katikati. Mke wangu, ambaye magari hayamhusu kabisa, ndiye anayeniuliza Ijumaa kama kesho tunakwenda Busisi, ng'ambo ya daraja. Mjini nako unaishi na kila kitu: ukipita Kirumba karibu na Mwaloni dagaa unawajua kabla hujawaona, na kwenye foleni bomba la moshi la daladala liko sawa na uso wako. Mjini mchana nafunga.

Kwa hiyo mkuu, wewe umeandika kwamba gari litalala nje ya geti chini ya mwembe, na kwamba utaenda nalo kazini kila siku na kuliacha juani mpaka jioni. Kwa maisha hayo chukua Celica, chagua ya 2002 na kuendelea, na utaifurahia, mlango wake wa nyuma unafunguka wote na watoto wadogo wanakaa. Ukiwa tayari kutumia sehemu ya akiba hiyo kujenga banda la kufunga, na kwenda kazini kwa gari la familia, basi anza na banda, kisha agiza Roadster.

Ukiagiza, omba karatasi ya mnada wa Japani yenyewe, ile inayoeleza hali ya gari, kabla hujalipa. Daraja R au RA maana yake gari lilishagongwa na kurekebishwa. Kwenye mchoro wa gari tafuta herufi S na C, S ni kutu na C ni kutu iliyokwishakula bati. Zikiwa kwenye bampa au chini ya injini unaweza kuzungumza bei. Zikiwa chini ya milango ya Roadster, achana nayo hata kama ni rahisi. Magari ya sehemu za theluji na chumvi barabarani, kama Hokkaido, yakague mara mbili. Ukipata karatasi usiyoielewa iweke hapa, nitaisoma.