Jibu: Mama wa Kipolandi 2.13 England, 1.3 kwao. Ipi sahihi?
Salama mkuu. Umekwama kwamba mwaka 2011 Poland ilikuwa na watoto 1.3 kwa kila mwanamke, huku wanawake waliozaliwa Poland wanaoishi England na Wales wakionyesha 2.13, ukadhani jedwali moja limekosewa. Yote mawili yako sawa.

Anza na idadi ya wanawake unayogawia vizazi. Vizazi husajiliwa vyote, ila wahamiaji hukadiriwa tu, na wanaokuja kwa muda mfupi huachwa. Vizazi 90 kwa wanawake 1,000 ni 90 kwa elfu. Kumbe wapo 1,200, kiwango kinashuka hadi 75. Ndiyo maana mwaka wa sensa, kama huo 2011, ni salama zaidi.

Halafu kuna muda. Wapolandi wengi waliingia England baada ya Mei 2004, nchi yao ilipojiunga na Umoja wa Ulaya, wakiwa vijana, wakatafuta kwanza kazi na nyumba, kisha wakazaa kwa mkupuo. Kipimo hiki cha watoto kwa kila mwanamke hujumlisha viwango vya kila umri vya mwaka mmoja tu, kwa hiyo mkupuo huo hukivimbisha. Hakikuambii mwanamke atamaliza na watoto wangapi. Kwa hilo tafuta waliokwisha fika miaka 45.

Vizazi kwa kila watu 1,000 achana navyo kabisa, kwa jamii iliyojaa vijana lazima kiwango hicho kipae. Kagua pia safu yako ya "mama Mpolandi": takwimu za kule hufuata nchi aliyozaliwa mama, si pasipoti. Binti wa Wapolandi aliyezaliwa London yuko safu ya Uingereza.