Kansa ya sinasi: tundu dogo, upasuaji mkubwa

Swali: Daktari, baba yangu ni seremala hapa Kisumu, ana miaka 61. Pua ya kushoto imeziba na kutoa damu kwa miezi mitano, na maabara imesema ni kansa ya sinasi, yaani mashimo ya hewa ndani ya mifupa ya uso kando ya pua. Daktari mmoja anasema ataitoa kwa kamera kupitia puani, alasiri moja tu, bila kupasua uso. Mjomba anasema kansa ikiguswa na kisu husambaa, bora anuse unga wa mitishamba. Tumfuate nani?

Jibu: Poleni. Unga huo usimkaribie mzee. Haufiki kwenye uvimbe uliokwisha kula mfupa, unazidisha damu, na kila wiki inayopotea uvimbe unasogea jichoni. Kisu nacho hakisambazi kansa. Kinachoirudisha ni mabaki yaliyoachwa.

Linalonikera zaidi ni hilo la "alasiri moja tu". Watu wakisikia hakuna kovu hudhani ni kazi ndogo. Kamera ina unene wa milimita 4. Pembeni yake kuna ukuta wa jicho, mwembamba kama karatasi. Juu kuna mfupa mwembamba uliobeba ubongo. Nyuma kabisa, neva ya jicho na mshipa mkubwa unaopeleka damu ubongoni. Damu ikijaa nyuma ya jicho bila kupunguzwa upesi, saa moja au mbili zinatosha kumpofusha. Mfupa wa juu ukitoboka usizibwe sawasawa, maji ya ubongo huchuruzika puani na homa ya uti wa mgongo hupata njia.

Kutoa nyama za puani, vile vivimbe laini visivyo kansa, hakumfundishi mtu kutoa kansa. Kansa hupunguzwa kwanza hadi shina lake lionekane, kisha shina hukatwa pamoja na utando na mfupa wa chini yake, na kingo hupimwa maabara mgonjwa angali usingizini. Kingo zikiwa bado na kansa, unakata tena. Mkono usiozoea huogopa na kuacha, au hupitiliza.

Kwa hiyo mwulizeni: umetoa kansa ngapi za sinasi? MRI, picha ya sumaku, iko wapi? CT, picha ya eksirei ya tabaka kwa tabaka, huonyesha mfupa ulioliwa, lakini MRI ndiyo hutenganisha uvimbe na makamasi yaliyokwama. Daktari wa ubongo atakuwepo? Mfupa wa juu ukitoboka, tundu utaliziba na nini? Utando wa paja au wa ukuta wa kati wa pua ni jibu. Pamba si jibu. Uvimbe ukiwa umeingia ngozi ya uso, kaakaa au ndani ya jicho, kamera pekee haitoshi, na asiyeweza kupasua uso asianze. Mionzi hufuata mara nyingi, vyema ndani ya wiki sita.

Nanyi maseremala wengine, vumbi la mbao ni chanzo kinachojulikana cha kansa hii. Pua ikiziba upande mmoja na kutoa damu, msikubali "nyama" ing'olewe kabla ya CT, wala bila kipande kupelekwa maabara. Wagonjwa hufika Eldoret au Nairobi wameshang'olewa mara mbili, kipande kikatupwa kwenye ndoo, na makovu yameficha shina lilikokuwa.